Garimoshi Lililokuja kwa Basi

Lilishushwa Nanenane saa kumi na moja alfajiri,
kati ya ndoo ya rangi na godoro la mtu.
Boksi limeandikwa kwa kalamu nyekundu USITUPE,
nalo, kwa sura yake, lilikuwa limetupwa mara mbili.
Nikalipakata mpaka Iyunga kama mtoto mwenye homa.

Tusekile akasema, Kunywa kwanza, chai itapoa.
Nikasema, Iache ipoe.
Bei sijamwambia.

Sponji. Karatasi ya nta. Sponji tena.
Halafu ubaridi wa chuma kwenye vidole
vilivyokwisha kuwa baridi, maana Julai ya Mbeya
haimhurumii mstaafu.
Zito kuliko nilivyodhani: maparachichi mawili ya Tukuyu,
yale ya kuvunja tawi.
Kijani chake kimezidi kidogo, kijani cha chupa,
lakini mstari mwekundu ubavuni umenyooka
utadhani aliyeuchora alizuia pumzi.
Firimbi ya shaba, punje ya mchele wa Kyela.
Makaa ya kweli yamegandishwa kwenye behewa lake;
nikayanusa: gundi tu.
Kishikio cha kushoto kimepinda, na taa moja
imo ndani ya mfuko wa nailoni, peke yake,
kama jino la utotoni.
Sikukasirika. Nimeshika spana miaka thelathini na moja;
kitu kisicho na kasoro nakishuku.

Kule karakana tulikuwa na dizeli tu.
Mtaani walituita watu wa garimoshi
na sisi tukaitika, ingawa mvuke
tuliuona kwenye birika.
Mvuke alikuwa nao baba.
Mchochea moto, Tabora hadi Kigoma,
mkono wa kulia hauna unywele mpaka kwenye kiwiko.
Nilipomuuliza, mdogo, maji ya moto
yanazungushaje gurudumu,
hakuchora chochote. Alikunja kiwiko, akakinyoosha,
akakikunja, akakinyoosha.
Hivyo, akasema, akaendelea kula.

Nikapanga reli mezani, duara,
nikainama mpaka jicho likawa sawa na ekseli.
Likaanza. Si kwa kishindo: kwa kusitasita,
kama mgeni anayepapasa swichi gizani.
Na ile mikono ya chuma, Mungu wangu,
ikakunja, ikanyoosha.
Kiwiko cha baba kikapita nyuma ya chupa ya chai,
kikatokea kwenye bakuli la sukari,
kikapita tena.

Lugano, mjukuu, akauliza, Moto uko wapi?
Nikamwambia, Kwenye nguzo ya umeme, huko nje.
Nguzo ikasikia. Umeme ukakatika.

Tukacheka wote watatu, Tusekile mpaka machozi:
garimoshi la mvuke limekwama, linasubiri Tanesco!
Baba angeliacha koleo, angeshuka, angeenda zake kwa miguu.
Nikajaribu kulisukuma kwa kidole. Likagoma.
Gia ya ndani imeng'ata, inamtii mota peke yake.
Hilo nitaliandika kwenye daftari, chini ya ile taa.

Tukakaa nalo hivyo, chai imeshalala,
Loleza bado imejitanda blanketi la ukungu.
Kisha, upande wa stesheni, treni ya mizigo kutoka Tunduma
ikaja, ile ya kweli, ya dizeli,
imebeba shaba ya watu kupeleka pwani.
Vioo vikalia. Vijiko vikalia.
Garimoshi halikusogea hata unywele,
ila mnyororo mdogo unaoliunganisha na behewa la makaa
ukacheza,
ukacheza,
ukawa bado unacheza
hata behewa la mwisho lilipokwisha kupita.